Pochi Niliyoipeleka Polisi: Je, Dhima Ilinitoka?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin hata kabla hawajajua kuwa ni Mtume.

Ndugu msomaji, swali langu ni dogo kwa kulitazama. Mtu akiokota mali ya mwenzake, akaipeleka polisi, je, amemaliza? Wengi wetu tutajibu kuwa amemaliza, tena amefanya zaidi ya wanavyofanya watu wengi. Nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo mpaka Februari iliyopita.

Asubuhi moja nilipanda taksi kwenda mjini. Tulipofika stendi abiria wakashuka haraka, na mimi niliyekaa kiti cha nyuma nikashuka wa mwisho. Chini ya kiti cha mbele nikaona pochi ya kahawia iliyofungwa kwa mpira. Nikaifungua. Mlikuwa na kitambulisho cha taifa cha mama mmoja, rozari, karatasi ya matokeo ya kidato cha nne yenye jina la msichana, na fedha shilingi 185,000. Kondakta alikuwa akinitazama, akasema nimwachie yeye, mwenyewe atarudi. Sikumwamini. Nikaenda kwenye kituo kidogo cha polisi kilicho karibu na stendi.

Hapo kaunta nilimkuta afande mmoja. Tulizungumza Kiswahili, kama ilivyo kawaida ya askari wetu hapa Uganda. Nikamweleza. Akaifungua pochi, akaifunga, akaitia kwenye droo. "Umefanya vizuri, kijana," akasema. Sikumwomba azihesabu fedha mbele yangu. Sikumwomba aandike. Nilikuwa na jaribio saa nne na saa tatu ilikuwa imeshapita. Nikamshukuru, nikatoka, na njia nzima nilijisikia mwepesi. Wepesi ule ndio ninaotaka tuuchunguze.

Wiki tatu baadaye, darasani, tulifika mlango wa luqata, yaani mali iliyookotwa. Hadithi ya msingi ya mlango huu ni ile ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mali ya kuokota. Akaamriwa akijue vizuri chombo chake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe. Asipokuja, aliyeokota anaweza kuitumia. Akauliza kuhusu mbuzi aliyepotea, akaambiwa kuwa huyo ni wake, au wa ndugu yake, au wa mbwamwitu. Akauliza kuhusu ngamia. Hapo Mtume (S.A.W.) alikasirika hata uso ukabadilika rangi, akamuuliza ana shughuli gani na ngamia ambaye ana miguu ya kutembelea na maji yake tumboni, mpaka bwana wake amkute.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii mara nyingi. Siku ile nikaisikia kwa namna nyingine, kwa sababu kila kilichoamriwa ndani yake nilikuwa na nafasi ya kukifanya na sikukifanya. Kukijua chombo na kamba maana yake ni kuikagua mali na kuzishika alama zake, ili anayedai aulizwe. Kutangaza maana yake ni kumtafuta mwenyewe. Na katika hadithi ya Iyadh bin Himar (R.A.), aliyeokota ameamriwa kushuhudisha watu waadilifu wala asifiche. Abu Hanifa alilipa jambo hilo uzito mkubwa: asiyeweka shahidi hana cha kuonyesha kuwa aliichukua mali ili airudishe na si ili aile.

Tena pochi yangu ilikuwa na jambo zito zaidi. Mwaka wa kutangaza umewekwa kwa ajili ya mali ambayo mwenyewe hajulikani. Pochi ile ilikuwa na jina, sura na kijiji cha mwenyewe. Sheria ya jinai ya nchi yetu, kama zilivyo za Kenya na Tanzania, inaelekea njia hiyo hiyo: aliyeokota kitu na kukifanya chake hahesabiwi mwizi ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, na akaamini kwa sababu za maana kuwa hawezi kupatikana. Mwenye kitambulisho mkononi hawezi kudai hivyo. Mimi sikuiba, Alhamdulillah. Lakini nilikuwa na anwani mkononi, nikaitia kwenye droo.

Jioni ile nilirudi kituoni. Zamu ilikuwa ya afande mwingine. Akakitazama kitabu cha matukio, asikute kitu. Akavuta sanduku la karatasi chini ya meza, limejaa vitambulisho, kadi za benki, leseni na vyeti vilivyofungwa kwa mipira. Tukatafuta pamoja. Kitambulisho kilikuwemo, na karatasi ya matokeo ilikuwemo. Pochi haikuwemo, wala fedha.

Nikamuuliza kwa nini mwenye kitambulisho hakutafutwa, maana nyuma yake kijiji kimeandikwa, na parishi, na wilaya. Akacheka kidogo, bila ubaya. Akaniambia nilitazame sanduku, kisha nimwambie mafuta ya pikipiki ya kuzunguka vijiji vyote hivyo yatatoka wapi.

Nikanakili jina la kijiji. Jumamosi yake nikapanda bodaboda mpaka huko, mwendo wa kama saa moja, nikamuuliza mwenyekiti wa LC1, akanipeleka kwa mama mwenyewe. Ni mama anayeuza ndizi. Alikuwa amekwenda polisi, tena siku ile ile, lakini kwenye kituo cha karibu na kwake, kwa sababu hakujua pochi imemponyoka wapi. Huko walimwandikia barua ya kupotelewa. Kwa hiyo taarifa ya kupotea ilikuwa kituo kimoja, mali ilikuwa kituo kingine, na vitabu viwili hivyo havikukutana. Karatasi ile ilikuwa ya binti yake. Shule aliyoitaka iliomba karatasi halisi ya matokeo wakati wa kuandikisha kidato cha tano, naye hakuwa nayo. Nafasi ikapewa mwingine. Kwa wiki tatu, karatasi ilikuwa imelala sandukuni mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwake, na mimi nilikuwa nikijisikia mwepesi.

Sasa turudi kwenye swali. Dhima ilinitoka?

Yupo atakayesema ndiyo, na ana hoja. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyeokota mali kwa nia ya kuihifadhi anaruhusiwa kuikabidhi kwa kadhi, na kadhi analazimika kuipokea. Wala si jambo geni kwa serikali kuingilia mali iliyopotea. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kutoka kwa Ibn Shihab, kuwa zama za Umar (R.A.) ngamia waliopotea waliachwa wakizurura na kuzaana, hakuna aliyewagusa. Zilipofika zama za Uthman (R.A.), akaamuru watangazwe kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Wanachuoni wameeleza kuwa tabia za watu zilikuwa zimebadilika. Ngamia hakupoteza miguu yake, ila mikono ya watu haikuwa salama tena. Kwa hiyo Khalifa hakuivunja hukumu ya Mtume (S.A.W.). Alilishika lengo lake, yaani mali imfikie mwenyewe, katika zama ambazo njia ya zamani isingeifikisha.

Polisi wetu wamesimama mahali hapo hapo. Sheria inawapa jukumu la kupokea mali isiyo na mwenyewe na kuifikisha mbele ya hakimu. Pita kwenye kituo chochote kikubwa uone pikipiki zilivyojipanga, majani yameota kati ya tairi. Mara kwa mara hutangazwa mnada wa magari na pikipiki ambazo wenyewe hawakujitokeza. Hao ndio ngamia wa zama zetu, ila hawa hawana miguu wala maji tumboni. Kila msimu wa mvua unaopita, thamani yao inapungua. Mfano wa Uthman (R.A.) unatuachia swali la kuwauliza wanaotunga sheria: mali ikishauzwa, thamani yake inahifadhiwa kwa ajili ya nani? Kwake ngamia aliuzwa ili haki ya mwenyewe isife, na fedha zikabaki zikimngoja.

Kwa hiyo nakubali: kupeleka polisi ni jambo sahihi, na katika nchi yenye sheria ni jambo la lazima mara nyingi. Lakini fuqahaa walipomruhusu aliyeokota kumkabidhi kadhi, walikusudia kukabidhi kwa maana yake kamili: mali inajulikana, imepokewa, na aliyeipokea anajua amepokea nini na kutoka kwa nani. Mimi sikukabidhi namna hiyo. Niliiacha pochi mezani kwa mtu. Upo mzigo unaotuliwa na upo mzigo unaofikishwa. Nilichokitaka asubuhi ile ni kuutua tu, ili niende kwenye jaribio nikiwa mtu mwema.

Je, afande wa kwanza alichukua zile fedha? Sijui, na sitaki msomaji ajaze nafasi hiyo kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Hujurat tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Inawezekana alikuja mtu akajidai ndiye mwenyewe, akapewa pochi na fedha, karatasi zikasahaulika. Inawezekana droo ilifunguliwa na mwingine. Kituo ni kidogo, hakina stoo, na askari huhamishwa. Tazama uzembe wangu ulivyofanya: kama afande yule ni mwaminifu, leo hana namna ya kuthibitisha uaminifu wake. Ile nambari ambayo sikuiomba, hapa kwetu tunaiita ya SD, Kenya ya OB, Tanzania ya RB, ingemlinda mama, ingenilinda mimi, na ingemlinda afande pia. Ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo Surat al-Baqara, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi, na inatuonya tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wanaoandikiana ni waumini, watu wanaoaminiana. Kwa hiyo kumwomba mtu aandike si kumtukana.

Nilipowasimulia wenzangu, mmoja akaniambia: "Ndiyo maana mimi sigusi. Nikiona kitu kimeanguka napita zangu." Hoja yake ina wakubwa wake. Imepokewa kuwa Imam Ahmad aliona kuacha ni bora, na miongoni mwa wafuasi wa Imam Malik wapo waliochukia kuokota. Wote walihofia nafsi: mtu huokota kwa nia njema, kisha kitu kikakaa naye, nia ikageuka. Tena hapa kwetu kuna hofu nyingine, ya kuulizwa kituoni umekitoa wapi na kuandikishwa maelezo mpaka jua lizame. Lakini Imam Shafi ameona kuwa anayejiamini apendelewe kuokota, na wapo waliosema ni wajibu pale mali inapoelekea kupotea. Pochi iliyo chini ya kiti cha taksi haiko jangwani. Ningepita zangu, ingepitiwa na kondakta au abiria wa safari iliyofuata. Mwenzangu anaisalimisha nafsi yake, na nafsi yake ni muhimu. Ila mama muuza ndizi hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Wapo pia walio kinyume chake, hasa kwa simu. Anaokota simu, mwenyewe anapiga, naye anajibu: "Ipo, njoo na kitu." Fuqahaa wameliweka wazi jambo hili: ujira wa kurudisha kilichopotea unapatikana pale mwenyewe alipoutangaza kabla. Aliyerudisha bila ahadi hana cha kudai, ingawa akipewa kwa hiari ni halali yake. Kushikilia simu ya mtu mpaka alipe si ujira. Ni kumwuzia mtu kilicho chake. Mwanafunzi anayelaumu askari kwa kuomba chai ili atoe kitambulisho aitazame kwanza simu iliyomo mfukoni mwake.

Niseme na jambo la rozari. Nilipoifungua pochi nilijua mwenyewe si Muislamu. Sidhani kuwa nilimpuuza kwa sababu hiyo, lakini nimejiuliza: kama ningekuta tasbihi na kadi ya madrasa, je, ningeihusia zaidi? Ningempigia imamu wa msikiti wa karibu? Usiku wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe amana za watu wa Makka, na wengi wa watu hao ndio waliokuwa wakimfukuza. Katika nchi ambayo sisi ni wachache, majirani zetu hawatausoma Uislamu katika vitabu vyetu vya fiqhi. Wataujua kwa jinsi pochi zao zinavyorudi.

Basi tufanye nini? Ukiokota, tazama kwanza kama jina la mwenyewe limo; likiwemo, kazi yako ni kumfikia. Hesabu fedha mbele ya watu wawili na uandike kiasi. Peleka polisi ukiwa na shahidi, omba iandikwe, na usiondoke bila nambari. Kisha endelea kutangaza, kwa sababu kaunta hupokea lakini haitembei. Unapotangaza katika makundi ya WhatsApp, usipige picha kila kitu. Sema umeokota pochi, eneo fulani, siku fulani. Rangi, kiasi na mpira uliofungiwa, hayo ndiyo chombo na kamba; yaache kwako ili anayedai ayataje yeye. Ukiiweka picha nzima hadharani umewapa majibu hata waongo, na kitambulisho cha mtu umekianika mbele ya wasiomhusu. Na tangazo lisifanywe ndani ya msikiti, kwani Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutangaza vilivyopotea humo, lifanywe mlangoni watu wanapotoka.

Nimeiomba jumuiya yetu iweke daftari moja ofisini: kilichookotwa, tarehe, mashahidi, nambari ya polisi, na nani amekwenda kumtafuta mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoijali zaidi. Daftari kama hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu mmoja anayechoka polepole. Ubayy bin Ka'b (R.A.) aliokota mfuko wa dinari mia moja, akaamriwa autangaze mwaka, akarudi, akaamriwa tena. Sahaba mkubwa, msomaji wa Qur'an, akazunguka na mfuko wa mtu asiyemjua. Sisi tunachoka kabla ya saa nne.

Kuhusu zile fedha, niliwauliza walimu wawili. Mmoja akasema silipi kitu, kwa kuwa nilikabidhi kwa mamlaka na sikukusudia madhara. Wa pili akauliza swali moja tu: "Shahidi wako nani?" Nimeamua kulifuata swali. Mama alikataa mwanzoni, akasema, "Mwanangu, si wewe uliyezila." Nikamwambia ni amana iliyopita mikononi mwangu. Mpaka ninapoandika haya nimeshampa shilingi 60,000. Siyasemi ili nisifiwe. Nayasema ili mwenzangu ajue bei ya dakika tano ambazo sikuzikaa kaunta.

Fedha zitakwisha kulipwa, inshallah. Binti amepata shule nyingine, si ile aliyoichagua, na hiyo siwezi kuilipa kwa awamu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat an-Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe. Wenyewe ndio waliotajwa katika aya. Kaunta ni njia ya kuwafikia, na aliyesimama njiani hajafika.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipozembea, awafanyie wepesi waliopotelewa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozichunga amana zao. Amin. Wallahu a'lam.